Udongo Usio na Mawe

Mvua ikianza hapa Uru, mlimani, situlii. Kwetu maji hayakai. Yanapita kati ya migomba, yanaingia mferejini, yanateremka. Zamani nilikuwa nasema, yamekwenda zao. Siku hizi najua yanakokwenda: Pasua, kwa binti yangu.

Kiwanja kile nilimchagulia mimi. Tulionyeshwa viwili wakati wa kiangazi. Cha kwanza kilikuwa kwenye mwinuko, mawe matupu. Cha pili kilikuwa tambarare, karibu na korongo kavu. Nilichota udongo wake, nikaufinya: mweusi, laini, hauna jiwe hata moja. Binti alitaka cha juu.

"Huko utapanda nini, kokoto?" nilimwambia.

Nilitafuta mahali pa migomba. Yeye alitaka mahali pa nyumba. Sikujiuliza udongo ule mzuri ulitoka wapi. Ulikuwa umeletwa na mafuriko, masika baada ya masika.

Mwaka huu maji yaliingia ndani tena. Niliteremka asubuhi nikamkuta anasukuma tope sebuleni, wajukuu wamekaa juu ya meza.

"Shikamoo baba. Karibu shambani," alisema. "Ndizi bado, ila vyura tumevuna."

Nikaanza kumtafutia pengine. Nilikwenda Kahe kwa ndugu zetu. Huko maji yanatanda hadi upeo wa macho, lakini wenyeji wamejenga juu ya misingi mirefu. Nikarudi Pasua, nikapita kwenye kile kiwanja cha mawe. Kuna nyumba sasa, ua mkavu, kuku wanachakura. Sikusimama.

"Baba, unazunguka nini?"

"Nalinganisha."

"Si uache? Pale kwetu Uru pana nafasi."

Kihamba chetu, shamba la ukoo, kwa desturi ni cha mwanangu wa mwisho wa kiume, naye yuko Dar. Binti aliyeolewa haombi. Huyu aliomba.

"Ongea na mdogo wangu. Au asiyetaka ni wewe?"

Niliahidi, kisha nikashinda siku nyingi nikishika simu na kuiweka. Jumamosi mchana wingu lilifunika mlima wote, matone yakaanza kugonga bati. Nikampigia binti.

"Chukua watoto, mje."

"Umeshaongea naye?"

"Njooni kwanza. Nitaongea naye mkiwa ndani."