Mafuta ya Mawese kwenye Kidole Gumba

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilifika Fort Worth na mfuko mmoja wa nailoni, darasa la nne sikumaliza, na leo nina malori matatu na madereva wananiita bosi. Lakini juzi nilifungua boksi la buti mpya za kazi, harufu ya ngozi ikanipiga puani, na kidole gumba cha mguu kikaanza kuuma hata sijazivaa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alininunulia viatu vya ngozi vya shule. Vilinibana tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, maana kijijini hakuna mtoto mwingine aliyekuwa navyo. Vita ilipotufikia nikakimbia navyo. Baba alitangulia na wadogo zangu hadi mji wa Baraka, ziwani. Mimi na Mama tulipaswa kuwakuta kabla jua halijazama, maana boti isingengoja mtu.

Mchana gumba likavimba, nyayo kwa mbele zikawaka moto. Nikachechemea. Watu wakatupita, wakatupita, mpaka tukabaki wawili na milio ya bunduki nyuma ya kilima.

"Vua hiyo kiatu," Mama akasema.

"Nitavua Baraka."

"Baraka utafika na miguu ao na kiatu?"

Akanikalisha, akatoa wembe, akakata ngozi yote ya mbele ya viatu. Nililia kama aliyekatwa ni mimi. Akatanua vidole vyangu kimoja kimoja, akapachika kipande cha kitenge kando ya gumba, akamimina mawese ya kichupani, akakanda. Macho yake yalikuwa kule kilimani, lakini mkono haukuharakisha.

"Simama, mwanaume."

Nikasimama. Boti tuliikuta imeshawasha injini.

Basi juzi nikadraivu hadi Houston kwa Mama, nimweleze kwamba dawa yake bado naijua. Akacheka.

"Siku tatu tulikula muhogo mkavu, na wewe unalia hauna ladha! Mafuta si ulimaliza na mguu?"

Sikuwahi kujua kwamba mawese yale ndiyo yalikuwa mafuta yetu ya chakula. Nikatazama miguu yake vizuri, kwa mara ya kwanza maishani: gumba limepinda, limemlalia jirani yake, sugu chini. Njia ile yote alitembea peku.

"Na wewe nani alikukanda, Mama?"

"Nani angenikanda? Tulikuwa tunachelewa."

Kesho yake nikampeleka duka la viatu. Alijaribu jozi kumi na moja, muuzaji akachoka, mpaka Mama akapata zenye mbele pana, vidole vinapumua. Nikalipa dola mia moja sitini na nne na senti thelathini na saba.