Zamu ya Taisto ya Jumamosi

Ilpo Rautava wa ghorofa ya tatu, hapa kwetu Tampere, Ufini, ana maoni kuhusu kila kitu chenye waya. Kifaa kikikudai nenosiri kabla ya kukufanyia kazi, atakwambia, hicho si kifaa, ni askari wa getini. Friji isiongee. Saa ya mkononi isimpongeze mtu kwa kutembea. Programu nzuri ni ile iliyoandikwa zamani na mtu aliyeimaliza, akafunga kompyuta, akaenda zake kuvua samaki. Kibodi yake anayo tangu chuoni na inalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mimi ninayekaa chini yake naisikia kila jioni, na nimegonga dari kwa ufagio mpaka nimechoka.

Lakini kwa mambo ya kujiendesha yenyewe, mtu huyu hajizuii. "Tellervo," huniambia, "kazi ukishaifanya mara tatu, ya nne iachie mashine." Kahawa yake hujichemsha yeye akiwa bado anakoroma. Maua yake hujimwagilia. Asubuhi moja mashine ya kahawa ilimimina kahawa yote mezani, akashuka kwangu na nguo za kulalia kuja kuomba kikombe kimoja. Huku nammiminia, ananieleza kwamba programu haikuwa na kosa, aliyekosea ni yeye kwa kusahau kuweka kikombe. Mimi na binti yangu Venla tulicheka hadi tukashika mbavu.

Sauna ya jengo letu, chumba chetu cha kuogea mvuke, iko chini kabisa, na kila nyumba ina zamu yake ya wiki. Yangu na Venla ni Ijumaa saa moja jioni. Zamu za Jumamosi jioni ndizo zinazotolewa macho na kila mtu. Unazingoja miaka na miaka, na ukishapata huachii mpaka uhame au ufe. Jumamosi saa kumi na moja ni ya mzee Taisto, fundi reli mstaafu. Yeye na mkewe Kyllikki waliingoja zamu hiyo tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walipoipata, Kyllikki aliifaidi majira mawili tu ya baridi, akafariki. Mpaka leo mzee akiingia sauna hutandika taulo mbili benchini.

Zamani zamu ziliandikwa kwa kalamu ukutani, na ugomvi hauishi. Ndipo ikaja ile siku yetu ya vuli ya kufagia majani wote pamoja. Ilpo, ambaye reki na yeye ni mbalimbali, akasema, "Ninyi fagieni. Mimi nitawaandikia programu." Na kweli akaiandika. Ikawa inawasha jiko na taa kwa zamu na kuvizima, na inajua nani kaingia na nani kamwaga maji kwenye mawe ya moto. Mkutano wa wakazi ukapitisha na sheria moja, aliyoipendekeza Ilpo mwenyewe akiwa na michoro yake: zamu isiyotumika wiki nne mfululizo inafutwa, anapewa anayefuata kwenye foleni. Sote tulinyoosha mikono. Taisto naye alinyoosha.

Februari, barafu ikamwangusha Taisto mlangoni kwetu. Nyonga ikavunjika. Alipotoka kwenye upasuaji akapelekwa kituo cha mazoezi, na huko hawamruhusu mtu kutoka haraka.

Siku moja nikamkuta Ilpo kwenye ngazi, uso umempauka.

"Mashine imeniletea ujumbe," akasema. "Wiki tatu zimepita. Jumamosi hii isipotumika, zamu ya Taisto inafutwa."

"Ifute hiyo sheria basi! Si programu yako?"

"Programu ni yangu, sheria ni ya nyumba nzima. Nikiibadili leo kwa ajili ya rafiki, kesho nitaibadili kwa ajili yangu."

"Ala! Mzee wa watu kavunjika mguu, wewe unanihubiria!"

"Nyonga," akanisahihisha. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikapanda kwa Irmeli, mwenyekiti wa nyumba, ambaye pia ndiye wa kwanza kwenye foleni. Alinisikiliza vizuri na biskuti akanipa. "Tellervo, mimi nami nimeingoja Jumamosi miaka," akasema. "Sikumsukuma mimi kwenye barafu. Kama sheria ni mbaya, mkutano ni Mei." Nikashuka ngazi nikisonya, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Lakini Mei zamu ingekuwa imeshakwenda, na Taisto asingeishi kuipata tena.

Jioni ile kibodi ya juu haikulia hata kidogo. Kesho yake Ilpo akaja jikoni kwangu. Alikuwa ameisoma upya programu yake mstari kwa mstari, na humo mgeni aliyealikwa na mwenye zamu anahesabiwa kama mwenyewe. Akampigia Taisto simu na kuiweka mezani tusikie wote.

"Mzee, nialike sauna."

Taisto akakohoa. "Wewe? Si wewe unayesema sauna ni kuchoma umeme ili mtu atoke jasho bure?"

"Nasema hivyo hata sasa."

"Na zamu yako si ulimwachia mwingine?"

"Niliiacha. Nialike, mzee, maana usiponialika itakuwa udanganyifu."

"Haya, nakualika. Lakini usinikalie benchi la chini kama mtoto. Maji mwaga taratibu, mawe yale si adui zako." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na taulo tandika mbili." Nikageukia sinki, nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi ile Ilpo alitoka sauna mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Joto la kipumbavu," akasema. Nikampa soseji nyeusi ya damu na jemu, kama tulavyo hapa Tampere, akala kama aliyetoka kupasua kuni. Jumamosi iliyofuata akapiga tena simu kuomba aalikwe, maana mwaliko wa juzi, kwake yeye, ulikuwa umeshatumika. Mimi nikabaki kumcheka.

Baada ya wiki chache nikaona haharakishi tena kutoka. Ukishatoka kwenye joto unakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, unakunywa kitu baridi, huongei. Basi siku moja amekaa hivyo, taa ikazima ghafla. Programu ilikuwa imeona saa imekwisha. Nilikuwa napita kwenda kufua, nikasikia sauti gizani: "Mjinga gani kaandika hii?"

"Ni wewe, bwana!" nikamjibu mlangoni.

"Najua! Nina soksi moja tu mguuni! Washa taa!"

Aprili Taisto akarudi na kigari cha kujishikilia akitembea, na fimbo. Daktari alikuwa bado amemkataza joto. Jumamosi saa kumi na moja akashuka hivyohivyo, akakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na koti lake, Ilpo akaingia ndani. Jengo zima tulimsikia mzee akipiga mlango kwa fimbo. "Ongeza maji! Hiyo unaita mvuke? Kyllikki angekucheka!"

Mkutano wa Mei, Ilpo akasimama bila michoro. Alitaka sheria ibadilishwe sehemu moja tu.

"Mashine iendelee kuhesabu," akasema. "Kuhesabu inajua kuliko sisi. Lakini isimfute mtu. Ikiona mtu haji, iniambie mimi, nami nitakwenda kugonga mlango wake."

"Na asipotaka kuongea na wewe?" akauliza Irmeli.

"Akinifukuza nitajua ni mzima."

Watu wakacheka. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Irmeli, na yeye ndiye anayeingoja Jumamosi hadi leo.

Vuli, Venla akahamia Oulu, mbali kaskazini, kusoma. Nilimsindikiza stesheni, nikarudi, nikajiambia mimi ni mtu mzima. Ijumaa ya kwanza nikasema nina mafua. Ya pili nikasema kuna kipindi kizuri kwenye televisheni. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu. Kwa kweli lile benchi lilikuwa refu mno kwa mtu mmoja, na sikutaka kulikalia.

Jioni moja nimekaa jikoni sijawasha taa, kibodi ya juu ikanyamaza katikati ya kelele zake. Nikasikia mlango wake, kisha kandambili zikishuka ngazi. Zikasimama kwangu. Akagonga.

Alikuwa ameshika soseji kwenye mfuko wa karatasi, na hakujua aniangalie wapi. "Mashine imesema hushuki siku hizi," akasema.

Mimi nina mdomo, kila mtu hapa anajua. Nilifungua mdomo huo kumjibu, yakanitoka machozi.

"Ingia," nikamwambia nilipoweza. "Kahawa bado sijachemsha."

Akaingia, akawasha taa, akaichemsha yeye kwa mkono wake.