Sindano ya Mama Mkwe

Donat Chanda hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Vijana waliotoka shule ya wauguzi ya Élisabethville walimwita Tata Maji-Moto, yaani Baba Maji-Moto, akiwa hayupo, kwa sababu jambo la kwanza alilolitazama kwa muuguzi mpya ni kama maji ya sindano yamechemka kweli au yamepata joto tu. Akiwapo walimwita monitere, yaani mwalimu, na kusimama wima. Jina lile alilijua, wala halikumuumiza. Alisema maji ya moto hayajaua mgonjwa yeyote, bali maji ya vuguvugu yameua wengi.

Alizaliwa upande wa Sakania, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuja mjini katika miaka ya 1920 akiwa kijana, akafagia wodi, akabeba machela, mpaka masista wakamfundisha kufunga vidonda. Shule ya wauguzi ilipofunguliwa alikuwa amekwisha kuoa, lakini aliingia, akakaa benchi moja na watoto wa rafiki zake, akatoka na cheti kama wao. Mimi namheshimu mtu anayekubali kuwa mwanafunzi wakati wenzake wa rika moja wanakaa barazani kuhukumu wengine.

Basi mwaka wa 1952, daktari mkuu wa hospitali ya Waafrika alipohitaji mtu wa kuwapima wahitimu wapya, alimchagua Donat. Kazi ilikuwa hii: kila mhitimu alipewa wagonjwa wake, akawahudumia mwenyewe, na Donat akatazama bila kusaidia. Mwishoni alitoa moja ya hukumu mbili, "anafaa" au "bado". Aliyeambiwa bado hakupewa kituo cha kazi.

"Cheti inasema ulisikia," aliwaambia wale wa mwaka ule. "Mi nataka kuona kama unafanya."

Katika kundi lile alikuwamo Alexis Mwaba. Alikuwa wa kwanza darasani, kijana mtaratibu, mwenye mikono myepesi. Kila mtu alijua kwamba zahanati ya Sakania inamngoja, na kwamba huko atakuwa muuguzi peke yake. Tena alikuwa amemchumbia msichana aitwaye Delphine, na wazazi wa Delphine walikuwa wamesema wazi: kwanza kituo cha kazi, kisha harusi. Donat mwenyewe alifurahi moyoni, kwa kuwa Sakania ni kwao. Alitaka wapate mtu mwema.

Alexis aligawiwa wodi ya wanawake. Asubuhi ya kwanza alibeba sinia yake, sindano tayari imejazwa penisilini, akaenda kwenye kitanda cha dirishani, alikolala mama mmoja aliyeletwa na kichomi. Alipofika miguuni pa kitanda aliona uso wa mgonjwa. Mgonjwa naye aliuona uso wake, akavuta shuka haraka mpaka juu ya kichwa. Alexis hakugeuka. Alirudi kinyumanyuma na sinia yake, macho chini, mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Angalieni," akasema mwanamke mmoja kitandani. "Munganga anarudi nyuma sawa mashini ya treni ku gare."

Wodi nzima ikacheka, hata waliokuwa na maumivu.

Yule mama alikuwa Mama Chileshe, mama yake Delphine. Kwa watu wa upande wa Sakania mwanamume hamtazami mama wa mchumba wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawasemezani wala hawali pamoja, mpaka zawadi zitolewe ambazo kwa mila zinafungua macho na kinywa. Na penisilini, kila mtu anajua inapigwa wapi mwilini.

Jeannot, mwenzake wa darasa, alikuwa akihudumia safu ya pili. Alexis akamvuta kando.

"Ndugu, pika sindano ule wa dirishani. Mi ntakupikia mumoja wako."

"Ju ya nini?"

"Ni mama ya Delphine."

Jeannot alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi weye unataka mutoto, mama unamukimbia. Utakunywa nini siku ya harusi, utakunywa ukiwa mu majani?"

"Asha mucheko. Utapika ao hautapika?"

"Ntapika. Asubuhi, midi na mangaribi. Enda ukafiche macho yako."

Asubuhi ile Jeannot alipiga. Alexis, ili asionane na mkwe wake, alishughulika na wagonjwa wa mwisho wa wodi, na adhuhuri ilipofika akatoka nyuma ya chumba cha kufulia. Alikuwa na amani kabisa. Lakini adhuhuri ileile mgonjwa mmoja wa Jeannot alizimia akielekea msalani, na Jeannot akahangaika naye kwa muda mrefu. Ahadi yake ikamtoka kichwani.

Alasiri Donat alipita kama kawaida, mikono mgongoni.

"Mama wa dirishani alipata ya midi?"

"Alipata, monitere," akajibu Alexis.

Donat aliendelea na safari yake mpaka kitandani. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la Mama Chileshe na hakuhitaji kipimajoto. Pumzi yake ilikuwa fupi, na midomo imekauka.

"Mama, sindano ya midi nani alikupika?"

"Hapana muntu alikuya, baba," akasema yule mama. "Nilizani dawa iliisha."

Donat hakupaza sauti. Alichemsha maji mwenyewe, akachemsha na sindano, akampiga mgonjwa, akakaa naye mpaka pumzi ikatulia kidogo. Ndipo akamwita Alexis uani.

Kijana alieleza yote. Alieleza habari za ukwe, na za Jeannot, na jinsi alivyoamini kwamba kazi imefanyika. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba homa imepanda.

"Nilisikia haya, Tata," akasema.

"Haya ya kumuona mukwe, ile najua. Mi pia niko na mukwe. Asubuhi ungekuya kwangu ungesema, Tata, ule ni mukwe wangu. Ningekupatia kitanda ingine, na hakuna muntu angekucheka kuliko banamuke bale balikwisha kukucheka. Sasa niambie haya ya pili. Nilikuuliza alipata. Ulisema alipata. Uliona?"

"Hapana."

"Uliuliza Jeannot?"

"Hapana, Tata."

"Basi hii neno 'alipata' ulitoa wapi?"

 Kwa kweli swali hilo halina jibu. Wazee wetu walitupa haya ya ukwe ili kulinda heshima ya nyumba, na sioni ubaya ndani yake. Lakini kusema jambo limefanyika wakati hukuliona ni uvivu uliovaa nguo safi, hata mtu mwema akiufanya.

Jumapili baada ya misa, mjomba wa Alexis alifika nyumbani kwa Donat, katika mtaa wa mjini uitwao Kenya. Aliitwa Mukuka, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, mwenye kikohozi na maneno mengi. Mke wa Donat, Mama Victorine, alimletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, katika kikombe kikubwa.

"Chanda," akaanza mzee, "mi nakuya kulomba. Ule mutoto hakuiba. Hakulewa. Alieshimu mukwe. Sasa kueshimu mukwe iko zambi?"

"Hapana, yaya," akajibu Donat, akimwita kwa heshima kaka mkubwa.

"Weye unaweza kuvua nguo ya mama wa huyu?" Akamwelekeza Mama Victorine kidole.

"Mama yangu asikuye ku hospitali yenu," akasema Mama Victorine, "mutamuua kwa haya."

Wote watatu wakacheka, na Donat naye. Kisha Donat akasema, "Yaya, ju ya mukwe sina maneno naye. Mila yetu haikufunga mulango bila kuacha kifunguo. Mutafute kuku, mutafute kitenge, mupatie dada ya ule mama, na macho itafunguka. Hiyo ni kazi yenu, bazee. Maneno yangu iko ju ya ile aliniambia."

"Alikosa mara moja."

"Mara moja, nilikuwa karibu."

"Kule Sakania banamungoja. Unakatalia bantu ba kwenu munganga?"

"Ju ya bantu ba kwetu njo nakatala. Kule atakuwa peke yake. Akisema alipata, nani atapita nyuma yake kuweka mukono ku uso ya mugonjwa?"

Mzee Mukuka alimaliza munkoyo wake polepole. "Unakuwa muntu mugumu, Chanda," akasema alipoinuka. Hakusema kwa kumsifu.

Daktari naye hakufurahi. Alikuwa amekwisha kuandika jina la Alexis kwa Sakania, na alama za kijana zilikuwa nzuri kuliko za wote. Alimwita Donat ofisini, wakasema Kifaransa.

"Ni sindano moja," daktari akasema. "Yule mama anapona."

"Anapona kwa sababu nilipita, daktari. Sakania sitapita."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Bado."

Sakania ikapewa mwingine. Jeannot naye aliambiwa bado, kwa ahadi aliyoisahau. Harusi ikasogezwa mbele bila siku, na Delphine akapita mara moja mbele ya nyumba ya Donat bila kuamkia, jambo ambalo wasichana wa kwao hawafanyi. Donat aliona. Kwa siku kadhaa alikula kidogo, na Mama Victorine hakumtania. Watu hufikiri mtu mkali hasikii uzito wa neno lake. Anausikia. Anachokataa ni kuutua juu ya mgonjwa.

Hata hivyo wazee walilishika lile shauri la kifunguo. Shangazi wa Alexis alileta kuku na kitenge kipya mpaka kwenye ua wa hospitali. Sista wa mlangoni alikataa katakata kuku asiingie, basi dada wa Mama Chileshe akampokea pale nje, akamwinua juu kwa miguu ili mgonjwa amwone dirishani. Mama Chileshe, ambaye sasa aliweza kukaa, alitazama kuku, akatazama kitenge, akaitikia kwa kichwa kwamba vimepokelewa. Wanawake wa wodi walipiga vigelegele mpaka sista akaja tena.

Sindano zilizobaki Alexis alizipiga mwenyewe, Donat akiwa amesimama ukutani.

"Pika polepole, mukwe," akasema Mama Chileshe, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia maishani. "Ule Jeannot anapikaka sawa muntu wa kuchimba mawe."

 Alexis alipangusa, akapiga, akakandakanda, akafunika. Nje, alimtazama Donat.

"Mukono yako iko muzuri," akasema Donat.

"Sasa nafaa, Tata?"

"Bado. Ju ya mukono sikukuuliza."

Kiangazi kilipita. Alexis alibaki hospitalini kama msaidizi, akisafisha vidonda, akiwaosha wagonjwa, huku wenzake wakiandika barua kutoka vituo vyao. Wengine walimcheka. Hakumchukia Donat, au kama alimchukia hakuonyesha. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha siku alipomfuata Donat kwenye chumba cha dawa, kanzu yake imelowa mabegani.

"Tata, mzee wa kitanda cha mulangoni, dawa yake ya asubuhi sikumupa."

"Ju ya nini?"

"Nilisahau. Balileta bagonjwa ba kuungua na chokaa, bengi, nikasahau. Hakuna muntu aliona. Yeye pia hakuuliza."

"Umemupa sasa?"

"Hapana. Nilikuya kuuliza kwanza, nimupe sasa ao ningojee ya midi. Sikutaka kumupa mbili karibu-karibu."

Donat aliweka chini chupa aliyoishika. Wakaenda pamoja kumwona mzee, Donat akapima mapigo yake, akaeleza lipi lifanyike, na Alexis akafanya. Njiani kwenda na kurudi Donat alimkaripia bila kupumzika: kwamba kusahau ni hatari, kwamba muuguzi hana ruhusa ya kichwa chenye matundu, kwamba wagonjwa wa chokaa hata wakija mia moja, mzee wa mlangoni anabaki mzee wa mlangoni. Alexis aliinamisha kichwa akisikiliza. Alidhani harusi yake imesogea tena.

Donat aliporudi aliosha mikono, akavua aproni, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Alexis Mwaba anafaa," akasema.

Daktari aliinua kichwa. "Amefanya nini?"

"Amesahau dawa ya mgonjwa," akajibu Donat. "Na amekuja kuniambia."