Filimbi Aliyoimeza Babu

Babu yangu alimeza filimbi. Jambo hilo mtaa wetu mzima wa Mtoni ulilijua, kuanzia muuza mihogo mpaka fundi baiskeli, na asiyelijua basi alikuwa mgeni au kiziwi. Aliimeza vitani, Uganda huko, adui walipomzingira porini, ili wasije wakaichukua wakaipiga na kuwadanganya wenzake. Na kwa kuwa chuma hakiyeyuki tumboni, filimbi ilipanda ikakaa kifuani upande wa kushoto, ikawa inalia yenyewe kila akivuta pumzi: fiii... fiii... sauti nyembamba, kama ya mbu aliyesomea muziki.

Habari hiyo niliipata kwa Chande, rafiki yangu, mwongo hodari kuliko waongo wote wa Temeke. Lakini siku hiyo aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Mie nilikuwa chuoni nakariri Yasini. Nilirudi nikawakuta wenzangu wamekaa barazani kwetu, wametulia kama waliomwagiwa maji.

"Afande, babu yako, kasema mwenyewe," Chande akaninong'oneza. "Tumeisikia inalia, wote. Sie tukacheka. Akatokea akasema, nyamazeni, hiyo ni filimbi yangu."

Nikamwamini, maana ushahidi nilikuwa nao chumbani kwa Babu. Ukutani ilining'inia sare yake ya zamani, na begani mwa sare ile kulikuwa na kamba nyeupe ya filimbi iliyosokotwa vizuri. Mwisho wa kamba hapakuwa na kitu. Nilikuwa nikiitazama tangu nianze kutambaa. Sasa nikajua filimbi ilikoenda.

Niwaeleze huyo Babu alikuwa mtu gani. Alipigana vita, akarudi na mguu wa kulia usiokunjika sawasawa, akaendelea na upolisi mpaka akastaafu akiwa sajini. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Alipiga pasi ya mkaa hata leso. Viatu vyake alivipaka rangi akavisugua mpaka kuku wakipita walijiona humo wakakimbia wakidhani kuna jogoo mgeni. Kila asubuhi kabla ya shule sisi watoto wa nyumba ile, mie na watoto wa wapangaji, tulipanga mstari uani akatukagua kucha, kola na masikio. Na kila Jumamosi asubuhi alitukimbiza mchakamchaka, kutoka barazani mpaka banda la fundi baiskeli na kurudi, mara tatu, tukiimba mpaka wenye vitanda vyao wanatulaani.

Wajukuu wengine walikuwa Kigamboni kwa shangazi. Hapo nyumbani nilikuwa peke yangu, mjukuu wa damu, mrithi wa ufalme. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kiti chake barazani, na hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia kigoda kile.

Akaja Zuhura.

Chumba cha uani kilipata wapangaji wapya wiki ile ile ya habari ya filimbi: mama mmoja mpole, mshona nguo, na binti yake wa miaka minane, mwaka mmoja chini yangu. Zuhura alikuwa mwembamba, ana macho makubwa, na anaongea polepole kama mtu anayechagua maneno sokoni. Siku ya tatu nilitoka chuoni nikamkuta kakaa kwenye kigoda changu.

"Afande, hapo ni pangu," nikasema.

"Palikuwa pako," Babu akajibu, hata gazeti hakulishusha. "Umehamishwa kituo."

Tangu hapo, ndugu zangu, nilionja wivu. Sisemi wivu mdogo. Nasema wivu wa kuweza kuchemshia maharage. Maana jambo lililoniuma kuliko kigoda ni kwamba filimbi ililia akiwapo Zuhura. Wakikaa wawili barazani jioni, tulikuwa tunaisikia: fiii... fiii... Watoto wanasogea, wanakodoa macho, Babu anagonga kifua chake mara mbili kwa ngumi, anasema, "Leo inasumbua hii," na wote wanacheka kwa heshima. Nikikaa mie, kimya. Siku moja, Zuhura kaenda na mama yake kwa ndugu zao, nilimrukia Babu mapajani nikamwekea sikio kifuani. Nikasikia moyo tu, du, du, du, kama mtu anatwanga kwa mbali.

"Mbona hailii?"

Babu akanishusha mapajani. "Filimbi ya askari hailii ovyo," akasema. "Inalia penye shida."

Basi, nikaamua kuleta shida. Kesho yake alasiri nilipanda juu ya pipa la maji uani nikajitupa. Nilikusudia kuanguka kwa kuigiza. Ardhi ya Mtoni ikanipokea kweli kweli. Nundu iliyonitoka kwenye paji la uso, nawaambia, ilikuwa na kivuli chake. Babu alikuja akichechemea, akanikalisha, akanikanda kwa barafu. Nami, katikati ya kilio, nimetega sikio. Kimya! Shida ninayo usoni, inaonekana mpaka barabara ya Kilwa, na filimbi imenyamaza.

Mara Zuhura akaingia mbio kutoka dukani, kaambiwa nimekufa. Akapiga magoti karibu yetu, na papo hapo: fiii... fiii... fiii... Haijawahi kulia vile.

"Umekimbia?" Babu akamuuliza, kwa sauti ambayo mie sijaisikia kwake kabla wala baada. Akaiacha nundu yangu, akamshika yeye mabega, akamkalisha wima, akamwambia ahesabu taratibu. Barafu ikaniyeyukia shingoni. Nikasema moyoni: kumbe hata nikifa huyu atapigiwa filimbi yeye.

Mengine yaliongezea kuni. Jumamosi tukikimbia mchakamchaka, Zuhura hakukimbia. Alikaa na saa ya Babu, ile ya mkanda wa chuma ambayo mie nilikatazwa hata kuigusa, akawa mtunza muda. Kwenda shule, sisi tulitimka dakika za mwisho. Yeye alitoka mapema na Babu akamsindikiza kwa mwendo wa mtu anayekagua gwaride.

"Askari hakimbii," Babu alikuwa akisema. "Askari anawahi."

"Mbona sie tunakimbia?"

"Nyie bado kuruta."

Na sigara. Babu alivuta sigara tangu kabla ya vita. Vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ya chai. Wiki ile ile aliyohamia Zuhura akaacha, ghafla, kama aliyefunga bomba. Chande akatueleza kwamba moshi ulikuwa unaipa filimbi kutu. Bibi yangu ndiye hakufurahi. Nilimsikia jikoni akiwaambia mashoga zake: "Mie nimemwomba miaka thelathini. Nimelia, nimenuna, nimerudi kwetu mara mbili. Leo anaacha tu, hata haniambii!" Nikamwelewa sana Bibi. Tulikuwa chama kimoja.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Alisali adhuhuri, akajilaza, akamwambia Bibi amwamshe alasiri. Bibi alipokwenda kumwamsha hakuamka. Kesho yake asubuhi uwanja wetu ulijaa kofia, kanzu, na wazee sita wenye bereti, wenzake wa zamani, waliokuja kwa miguu kutoka kituoni wakiwa wamenyooka kama misumari. Jeneza liliponyanyuliwa, wale wazee walipiga saluti.

Na mie? Mungu anisamehe. Nililia, ndiyo, lakini katikati ya kilio nilikuwa na hesabu yangu. Wakati wa kuosha maiti nilisimama mlangoni, na mzee aliyetoka na ndoo nikamvuta kanzu.

"Mmeshaitoa?"

"Nini, mwanangu?"

"Filimbi. Mie ndiye mjukuu."

Mzee akanitazama, akanipangusa uso kwa mkono wake wenye maji, akasema, "Mwenyezi Mungu akupe subira." Akawaambia wenzake mtoto amechanganyikiwa, wamtafutie uji.

Tulirudi kutoka makaburini. Wanaume wakabaki nje turubaini, mie nikaingia ndani kutafuta maji. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka sebuleni, kimya, wanasoma. Nikapita ukumbini, na kutoka chumbani kwa Babu, Babu ambaye nusu saa nyuma nilimtupia udongo kwa mikono yangu hii, nikaisikia.

Fiii... fiii... fiii...

Mtu mwingine angetoroka. Mie, wivu ulikuwa mkubwa kuliko woga. Nikasukuma mlango. Zuhura kakaa sakafuni chini ya ile sare, mikono magotini, machozi yanamtoka, na filimbi inalia ndani yake. Ndani yake! Nikaelewa yote kwa mpigo: wameitoa, wakampa yeye, naye kaimeza.

"Nipe filimbi ya babu yangu!" nikapiga kelele. Nikamshika bega nikamtikisa. "Itoe! Si babu yako! Wewe mpangaji tu!"

Alifungua mdomo, hakutoka neno, filimbi tu, juu zaidi, fupi zaidi. Macho yake nayaona mpaka leo. Mama yake akaingia mbio, akamnyanyua kama mtoto mchanga, wakapakiwa kwenye teksi ya jirani. Watu wakasema uchungu wa msiba. Nilichapwa na mama yangu kwa kelele zile, na hakuna aliyeniuliza nilitaka nini. Zuhura alirudi baada ya siku mbili, hakuniangalia. Kabla mvua hazijaanza walihamia Bunju, kwa kaka wa mama yake, na kamba nyeupe ikabaki ukutani, tupu vilevile.

Msinicheke. Mtoto hukua, na mie nilikua, ila kwa mafungu. Shule ya msingi niliimaliza kwa kuburuzwa, na sekondari nikaisoma ukubwani, masomo ya jioni, nikitoka gereji na mikono ina grisi. Siku moja mwalimu wa baiolojia alichora mapafu ubaoni. Nikanyoosha mkono, mtu mzima na ndevu zangu, nikauliza kama kitu cha chuma kinaweza kukaa humo miaka ishirini kikawa kinalia. Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja. Mwalimu, mtu mwema, akanieleza kuna ugonjwa wa pumu, njia za hewa zinabana, pumzi inapiga mluzi. Nikakaa chini. Kumbe Babu alikuwa na pumu! Nikaona nimepata elimu, nikaifunga habari hiyo nikaweka kando. Ya Zuhura siku ile nikajiambia ni masikio ya mtoto na msiba.

Mwaka jana tulisoma arobaini ya Bibi, pale pale Mtoni. Nikiwa nagawa maji, akaingia mama mmoja mwembamba mwenye macho makubwa, kafika kutoka Bunju. Alinitambua kwanza yeye.

"Kaka Sudi. Nundu ilipona?"

Tulikaa barazani. Kigoda kilikuwa kimeshaoza, tukakalia viti vya plastiki. Nikampa pole za miaka yote, nikajichekesha, nikamweleza kisa cha mwalimu wa baiolojia, na jinsi nilivyokuja kugundua kwamba marehemu alikuwa na pumu. Zuhura alikuwa akicheka. Akaacha kucheka. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kichupa kidogo cha bluu cha kuvuta dawa, akakiweka katikati yetu juu ya kiti.

"Babu hakuwa na pumu," akasema. "Kifua chake kilikuwa kizima. Ni mimi."

Akanieleza taratibu, kwa yale maneno yake ya kuchagua. Huko walikotoka, majirani waliamini pumu inaambukiza. Walimtengea kikombe, watoto wao wakakatazwa kucheza naye. Mama yake alipohamia kwetu akamkanya asimwambie mtu. Siku ya kwanza tu, pale barazani, vumbi la watoto waliokuwa wakicheza likambana, Chande akaanza kucheka, kwamba mtoto huyu ana paka kifuani, na wote wakamzunguka wanacheka. Ndipo Babu akatoka ndani, akaja akakaa ubavuni kwake, karibu kabisa, akasema, nyamazeni, hiyo ni filimbi yangu.

"Basi kila ikinibana nikawa nakwenda kukaa kwake," Zuhura akasema. "Anajigonga kifua. Mnamwangalia yeye."

Vilinipitia mbele kimoja kimoja, kama kuruta: kile kigoda, ile saa, mwendo wa polepole wa kwenda shule, sigara alizoacha bila kumwambia mke wake. Miaka yote ile nilikuwa namwonea wivu mtoto kwa kukosa pumzi. Na siku aliyokuwa hana tena kifua cha kujifichia, nilimtikisa.

"Nisamehe," nikasema.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Na mie pia nilikuwa nakuonea wivu. Wewe ulikuwa unakimbia."

Ndani walikuwa wanamalizia dua, harufu ya pilau inatoka uani. Sare ya Babu Bibi aliitunza mpaka mwisho. Tuliitoa kabatini asubuhi ile, na kamba yake nyeupe. Likanitoka swali moja, na mnisamehe, nina miaka thelathini na saba na cheti cha kidato cha nne.

"Sasa ile filimbi yenyewe ilikwenda wapi?"

Zuhura akanitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye nundu.

"Aliirudisha stoo siku aliyostaafu, Sudi. Ilikuwa ya serikali."