Siku Ngazi Yangu Ilipovuliwa Ndala Ukweni

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Jumamosi, mama mkwe wangu alitoa kauli moja tu pale mlangoni kwake, na kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimelala chali kwenye sebule yake mpya, kanzu imenifunika uso, kaptula yangu inatazamwa na nusu ya wanawake wa kijiji cha Kurui. Naanza na aibu yenyewe ili mkimaliza kucheka mnisikilize, maana wengi mmeshaipata habari hii kwa watu na kila aliyeisimulia ametia chumvi yake (si kweli kwamba kaptula ilikuwa na tundu; ilikuwa na kiraka, na kiraka ni kitu kingine).

Mimi ni fundi wa dari na mifereji ya mvua, nakaa Tangini, Kibaha. Sikusomea chuoni. Kazi nimejifunza kwa kusoma maelezo yanayobandikwa kwenye vifaa, kupima, kukosea na kupima tena. Ubaya wa mtu aliyejifundisha mwenyewe ni kwamba hajui pa kuacha kuwafundisha wengine. Mke wangu Mwajuma nilimwelekeza namna ya kupanga mkaa jikoni, namna ya kukunja chandarua, hata namna ya kukuna nazi, na yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni mazishi ya shangazi yake, huko kwao Kurui, Kisarawe, niliposogea kwa wachimbaji nikawaambia kaburi limepinda. (Lilikuwa limepinda. Nilikuwa na futikamba mfukoni.) Siku hiyo Mwajuma hakurudi na mimi Kibaha. Alibaki kwao na mtoto wetu Rehema, na simu zangu akawa anazipokea kaka yake, Omari.

Mwezi wa pili ulipokatika Omari akanipigia yeye.

“Shemeji, mzee amemaliza nyumba. Jumamosi tunasoma maulidi ya kuifungua. Njoo na ngazi yako, kuna taa za rangi za kutundika. Halafu dada amesema hivi: ukimaliza siku nzima hapa bila kumrekebisha mtu, anafunga mizigo yake mnaondoka wote.”

“Mtu yeyote?”

“Hata mbuzi, shemeji.”

Ngazi yangu ni ya aluminiamu, ndefu, ya kuegemeza ukutani, na mipira yake ya kiwandani ililika zamani. Aluminiamu tupu juu ya marumaru hufanya mambo mawili, yote mabaya: hukwaruza na huteleza. Kwa hiyo Ijumaa nilikata ndala zangu nzee za mpira mzito, nikaziosha kwa sabuni, nikazifunga kwenye nyayo za ngazi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na zile ncha za juu nikazivika soksi nene ili zisichubue rangi ya ukuta. Ndivyo nifanyavyo siku zote, na sijawahi kuacha alama kwenye nyumba ya mtu. Asubuhi nikavaa kanzu nyeupe, nikaipakia ngazi kwenye kirikuu cha kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, nikaondoka.

Nilipofika nilijiambia mdomo wangu leo ni wa kulia pilau tu. Niliona turubai la wageni limefungwa kwa fundo ambalo upepo wa kwanza utalifungua, nikameza mate. Niliona sufuria la wali limekaa upande juu ya mafiga mawili na tofali, nikageuza shingo. Mzee mmoja akanieleza kwa kirefu jinsi ya kuzuia dari lisivuje, kila neno kinyume, nami nikamjibu, “Kweli kabisa, mzee wangu.” Mwajuma alikuwa ananichungulia kutoka mlango wa jikoni, amekalia mbuzi ya nazi, na aliposikia hilo akatabasamu. Tangu mazishi yale sikuwa nimeliona tabasamu hilo, na nawaambia ukweli, kwa ajili yake ningekubali mtu aniambie maji yanapanda mlima.

Sebule ilikuwa imepigwa deki muda huo huo. Sakafu ya marumaru nyeupe, zinang'aa, baba mkwe alizinunua kwa korosho za misimu miwili. Kuta rangi ya krimu, bado zinanuka upya. Nikaleta ngazi hadi kizingitini, nimeshavua viatu vyangu. Sasa, kwao mama mkwe hasemezani na mkwe uso kwa uso, hupitisha maneno kwa mtu. Akasimama kando ya mlango, macho ameyapeleka uani, akasema:

“Omari, mwambie mkwe wangu, humu ndani hatuingii na ndala. Watu watakaa chini wasome maulidi. Hata hizo za ngazi azivue.”

“Umesikia, shemeji?” Omari akaangua kicheko. “Ngazi soksi mikononi, ndala miguuni! Inakuja maulidini hii au inaenda chooni?”

“Muacheni mkwe,” akasema baba mkwe kutoka barazani. “Ngazi yake ina adabu, itavua tu.”

Watu wakacheka. Mimi maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nilitaka kusema ndala zile hazijakanyaga uchafu hata siku moja. Nilitaka kusema sakafu ya marumaru ikiwa na maji ya sabuni haina urafiki na chuma chochote. Nilitaka angalau kumwomba Omari akanyage kipago cha chini mpaka nishuke. Lakini kila nililotaka kulisema lilikuwa la kumrekebisha mtu, na mtu mwenyewe safari hii ni mama mkwe, mbele ya wageni wake, siku ya nyumba yake. Nikatazama jikoni. Mwajuma alikuwa ameacha kukuna nazi, ananisubiri.

“Sawa, mama,” nikasema.

Nikatoa kisu, nikakata tyubu, nikaziweka zile ndala mbili za ngazi mlangoni, kwenye mstari wa viatu vya wageni, nikazinyoosha vizuri.

Nilipanda na taa begani. Msumari wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, nikanyoosha mkono kupigilia wa tatu (badala ya kushuka na kusogeza ngazi, kosa ambalo nimewagombeza vijana wengi kwa ajili yake), na hapo nikasikia chini yangu mlio kama wa kisu juu ya sahani. Miguu ya ngazi ikakimbia. Soksi moja ikachomoka, ncha tupu ikashuka na ukuta ikichora mstari tangu juu hadi usawa wa dirisha, na mimi nikateremka nayo kifudifudi, pindo la kanzu limenasa kwenye kipago, mwili unakwenda chini na nguo inakwenda juu. Ngazi ikatua kwa kishindo, marumaru zikalia, nami nikabiringika nikalala chali, sioni kitu ila weupe. Wakati huo ndipo mama mkwe alipokuwa anaingia na wanawake wenzake, wamebeba masinia ya vitumbua.

“Yarabi! Nifunikeni macho!” mama mkwe akapiga ukelele.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi, kanzu ingali usoni, nikaanza kufundisha. Nikaeleza kazi ya mpira, kazi ya sabuni, umbali wa mguu wa ngazi na ukuta, nikasema hata turubai litaanguka na wali hautaiva sawasawa, na yule mzee wa dari nikamwambia hajui lolote. Nilipojifunua uso nikamwona baba mkwe. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole taratibu kwenye ufa wa marumaru, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Afadhali angenitukana.

Mwajuma alikuja akasimama juu yangu.

“Baba Rehema, ulijua ngazi itateleza?”

“Nilijua.”

“Na ukapanda?”

“Si ulisema nisimrekebishe mtu.”

“La kaburi ulilisema, na marehemu hakuwa amelalamika. La kuokoa shingo yako na sakafu ya baba ukalimeza. Sasa nirudi kwa nani mimi? Kwa yule anayesema pasipohitajika, au kwa huyu anayenyamaza panapohitajika?”

Akarudi jikoni.

Jioni Omari alinisindikiza barabarani na salamu. “Mama anasema hana kinyongo, shemeji, ila usije hapa mpaka asahau alichokiona.”

Tangu siku hiyo nimeapa: ngazi yangu haitavuliwa mpira kwa heshima ya mtu, awe mkwe, awe nani. Asiyetaka ndala ndani mwake nitamweleza sababu kabla sijapanda, kwa upole, mara moja, kisha ninyamaze. Sehemu ya kwanza naiweza. Ya mwisho bado najifunza, peke yangu, kama nilivyojifunza mengine.

Marumaru nne, rangi, fundi wa kurudishia na kirikuu vilinigharimu laki mbili na elfu kumi. Nilichookoa ni nauli niliyomtengea Mwajuma ya kurudi Kibaha: shilingi elfu saba.