Mgeni Asiyeleta Chupi

Shangazi yangu ni dobi, na dobi anakujua kuliko mkeo. Kwa miaka ishirini amewafulia wageni wanaokuja kufanya kazi kwetu, na kila nguo anaipiga pasi ya moto, hata soksi. Ndiyo maana yule mhandisi mgeni alimnyima usingizi. Mashati alileta, suruali alileta, mashuka alileta. Chupi, hata moja!

"Hivi huyu havai?" akaniuliza. Nikamwambia hayatuhusu. "Yasituhusu vipi, na mimi ndiye dobi wake?"

Wiki ya tatu mhandisi akaja anatembea kama bata. Tukampa kiti, akakikataa. Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, zile usizoniletea unazianika wapi?"

Uso ukamwiva. Akakiri kwamba aliona haya kumpa mama wa watu chupi zake, kwa hiyo alizifua mwenyewe, akazianika kwenye majani nyuma ya nyumba, kisha akazivaa hivyo hivyo bila pasi.

"Masikini! Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi. Usipoyaua kwa pasi, funza wanaingia kwenye ngozi. Hayo uliyo nayo si majipu, ni wapangaji."

Mgeni akalalamika kwamba kitabu chake cha ushauri kilitaja mbu, maji na jua kali, lakini chupi hakikuzigusa.

"Aliyekiandika ana haya kama wewe," Shangazi akasema, akimsukumia kapu tupu. "Mficha uchi hazai. Nenda zahanati wakakutoe hao funza, kisha uniletee zote. Hata hiyo uliyovaa."