Siafu walipovamia nyumba Bububu na mzazi hajafikisha arubaini

Wakuu, salamu popote mlipo. Ninayoyasema niliyaona kwa macho haya haya. Nitakaponogesha kidogo, mtapajua wenyewe.

Ni miaka ya hamsini, masika, Bububu. Mke wangu Salma kajifungua mtoto wetu wa kwanza, yuko kwa mama yake, Bi Tatu, kama desturi. Mzazi hatoki nje mpaka arubaini itimie. Kwa Bi Tatu hilo halikuwa na mjadala.

Mchana mmoja baada ya mvua, nimekaa barazani kwa Bi Tatu, nasikia kuku wanapiga kelele. Kugeuka, siafu! Mstari mnene kama paja la mchukuzi wa bandarini. Mwanzo wake mlangoni kwetu, mwisho wake nadhani Misri.

Hapa nisimame kidogo, maana mimi ni mhitimu wa skuli ya usiku, lazima nifundishe. Sisimizi humtuma mmoja akapeleleze sukari, akiipata ndipo awaite wenzake. Siafu hawana mpelelezi. Hawaoni, wanafuata harufu, na wanakuja wote kwa pamoja. Mende, panya, kifaranga, chochote kisichokimbia ni kitoweo.

Na mtoto mchanga hakimbii, wakuu.

Shemeji yangu Makame akajitia ushujaa, akawamwagia jivu la moto pale mlangoni. Weee! Msafara ukakatika, wakatapakaa chumba kizima. Wengine wakaanza kupanda miguu ya kitanda alicholala Salma na mtoto.

"Mama, tumtoe Salma!" nikapiga kelele.

"Mzazi hatoki." Bi Tatu kaziba mlango, mikono kiunoni.

"Siafu hawaijui arubaini, mama!" Makame huyo, anajipiga makofi mapajani.

"Mimi nnaijua."

Salma kamnyanyua mtoto juu ya kichwa. "Bishaneni tu! Wenzenu washafika kwenye shuka!"

Bi Tatu akaitazama shuka. Uso ukambadilika.

"Basi mguu wake usiguse ardhi. Bebeni kitanda!"

Majirani wawili wakaja mbio. Tukapaka miguu ya kitanda mafuta ya taa, tukanyanyua. Mlangoni kikakwama! Tukakiinamisha upande, Salma anapiga ukelele, "Mnanimwaga! Mnanimwaga!" Mimi siafu wananitafuna mahali ambapo hata daktari sijamwonesha. Tukavuta, kikapita.

"Si chini ya mchungwa!" Bi Tatu akaonya. "Una majimoto huo!"

Hao nao ni chungu wakali, makao yao juu mtini, ukiutikisa tu wanakushukia. Tukakiweka uani peupe, kila mguu ndani ya bakuli la maji.

Nikamfunua mtoto. Masikio, pua, vidole. Hana hata alama. Akapiga mwayo, akalala tena. Nikakaa matopeni pale pale, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kabla ya Magharibi siafu wameshakwenda zao. Ndani hakuna mende, hakuna kunguni. Nyumba safi kama ya bwana harusi!

Funzo: siafu anatafuta chakula, hatafuti ugomvi. Usimkatie msafara. Mpishe, ila kwanza mtoe asiyeweza kujitoa.

Jioni ile jirani mmoja akachungulia uani. "Bi Tatu, mzazi mshamtoa?"

"Nani katoka?" Bi Tatu akamjibu, anampepea mjukuu. "Kimetoka kitanda. Yeye kalala."

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu siafu wakiingia na mzazi yumo ndani, mngefanyaje?